Jibu Nililoliandika Chini ya "Mengineyo"

Hotuba hii ilitolewa Chake Chake, Pemba, mbele ya watafiti vijana, masheha (viongozi wa shehia, yaani maeneo madogo ya utawala ya Zanzibar), wavuvi na wakulima wa mwani. Inawekwa hapa kwa ukamilifu kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa Mwenyekiti, masheha wetu, mabwana diko mnaosimamia bandari za wavuvi, akina mama wa mwani mliokubali kuacha shughuli zenu ili mje kutusikiliza, walimu wangu, na nyinyi vijana mnaoianza safari ya utafiti: nakushukuruni kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie namna mtu anavyojifunza kufanya utafiti pamoja na wenzake wa taaluma nyingine, na pamoja na watu ambao hawamo kabisa chuoni. Nitazungumza kwa visa kuliko kwa kanuni, kwa sababu mimi mwenyewe sikulisoma jambo hili darasani. Nililisoma kwa kukosea, na gharama ya makosa yale mara nyingi ililipwa na watu wengine.

Nianze na kosa lililonifunza zaidi.

Nilipokuwa kijana, taasisi niliyokuwa nikiifanyia kazi ilinituma kwenye kijiji kimoja cha pwani ya Micheweni nikiwa na dodoso la kurasa kumi na mbili. Tulitaka kujua kwa nini mwani unakufa. Wengi wenu mnaijua historia hii kuliko mimi. Mwani wa biashara ulianza kulimwa Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino, kisha ukaenea pwani zetu zote, na leo Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar. Zilikuja aina mbili: spinosamu, ambayo ni ngumu na bei yake ni ndogo, na kotonii, yenye bei nzuri zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii ilianza kufa. Matawi yalikuwa yakigeuka meupe, yakilainika na kukatika, na mama aliyefunga kamba zake kwa siku kadhaa alirudi bamvua lililofuata, siku za maji kupwa sana, akakuta taitai, vile vikamba vya kufungia matawi, zinaning'inia tupu.

Basi nikakaa barazani kwa bibi mmoja, nikamsomea maswali yangu moja baada ya jingine. Una kamba ngapi? Unavuna mara ngapi kwa mwaka? Unauza kwa nani? Alinijibu kwa subira kubwa. Tulipofika swali la sababu ya mwani kufa, dodoso lilikuwa na majibu matano ya kuchagua: joto, ugonjwa, samaki wanaokula mwani, mawimbi na uchafu. Bibi akayasikiliza yote, akatikisa kichwa, akaniambia: "Mwanangu, mbegu imechoka."

Mbegu imechoka. Nililitafuta jibu hilo katika karatasi yangu, sikuliona. Nikaliandika chini ya kisanduku cha mwisho, kile cha "mengineyo", nikaenda nyumba ya pili. Ofisini, tulipohesabu majibu, kila jibu la "mengineyo" lilikuwa limetajwa na watu wachache, kwa hivyo hatukuyachambua. Ripoti ikaandikwa kwa Kiingereza, ikafungwa vizuri, na bibi yule alifariki bila kuiona.

Miaka mingi baadaye nilikaa meza moja na mwenzangu anayesoma vinasaba vya mimea ya baharini. Nilikuwa nikimsimulia kisa hiki kama jambo la kupitisha muda. Yeye akaweka kikombe chake chini, akaniuliza: "Alisema nini, hasa? Kwa maneno yake mwenyewe?" Nilipoyarudia maneno yale, akanieleza jambo ambalo bibi alilijua kwa mikono yake. Mwani wetu haupandwi kwa punje. Mkulima hukata kipande cha tawi, hukifunga kwenye kamba, na baada ya wiki kama sita huvuna na kukibakisha kipande kingine cha kurudisha baharini. Tangu mwaka 1989 tumekuwa tukikata tawi la tawi la tawi, na mmea ni ule ule. Wataalamu wa vinasaba wameona kwamba sehemu kubwa ya mwani unaolimwa huku kwetu nasaba yake ni ya Asia ya Kusini-Mashariki, na tofauti ndani yake ni ndogo, ilhali katika bahari hii hii yetu imo miani ya asili ya jamii hizo ambayo hatuilimi. Kama mbegu hiyo moja inachoka au haichoki, na kama ya asili ingehimili zaidi, hayo ni maswali makubwa ya sayansi mpaka leo.

Sisemi kwamba bibi alikuwa na jibu lote. Joto la maji lina sehemu yake, na maradhi yana sehemu yake. Nasema kwamba alikuwa na swali, tena swali zuri kuliko yale niliyokwenda nayo, na mimi nilikuwa nimejipanga kupokea majibu tu. Katika karatasi zangu alikuwa mhojiwa namba kumi na saba. Ndugu zangu, mtu akishakuwa namba, atauliza swali saa ngapi?

Hili ndilo ninalotaka mlichukue kuliko mengine yote ya asubuhi hii. Utafiti wa pamoja huanza pale swali linapotungwa. Ukija na swali lililokwisha kufungwa, ukawaita watu wakusaidie kutafuta jibu lake, hao umewaajiri, hata kama hukuwalipa. Suala la nani awepo kwenye baraza siku swali linapotungwa ndilo linaloamua utafiti utakuwa wa nani.

Nasikia vijana wakiniambia: "Mwalimu, mbona wafadhili hutaka swali limeshaandikwa kabla ya pesa kutoka?" Ni kweli, na ni kikwazo kizito. Mimi nimeona njia moja tu inayofaa: kwenda kijijini kabla ya andiko la mradi, kwa nauli yako, bila dodoso, bila mashine ya kurekodi, na kukaa. Kaa upwa mmoja mzima. Shika kamba, funga taitai, uumwe na mgongo. Wazee walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwenye mwani kuinama ni kwa mwili kabisa.

Sasa tuje kwa wenzetu wa taaluma nyingine, maana huko nako kuna bahari yake.

Tulipoanza kazi mpya baadaye, tulikuwa mwanabiolojia, mtu wa uchumi, na mimi niliyesomea mambo ya jamii, pamoja na akina mama sita waliochaguliwa na wenzao. Tuliafikiana haraka kwamba tutapima mavuno. Nani asiyejua mavuno ni nini? Tukafanya kazi miezi mitatu, tukakutana kulinganisha madaftari, na hakuna hesabu hata moja iliyokubaliana na nyingine. Kumbe kwa mwanabiolojia mavuno ni uzito wa mwani mbichi ukiwa bado unatiririka maji, kwa kuwa yeye anataka kujua mmea umekua kiasi gani. Kwa mtu wa uchumi mavuno ni kilo kavu zilizopita kwenye mizani ya mnunuzi, na mwani ukikauka hupoteza sehemu kubwa sana ya uzito wake. Akina mama walituambia kwamba kwao mavuno ni kile kinachobaki baada ya mvua kuuharibu mwani ulioanikwa, baada ya kumlipa kijana aliyebeba magunia, na baada ya kurudisha mbegu baharini. Neno moja, vitu vitatu, na kila mmoja wetu alikuwa sahihi.

Mwenzetu mmoja alipendekeza tuchague maana moja, tuzitupe nyingine. Mama mmoja akasema: "Tukizitupa, tutajuaje kinachopotea njiani?" Kimya kikaingia. Kwa hakika tofauti baina ya hesabu zile tatu ndiyo iliyokuwa habari yenyewe: ilituonyesha kwamba kamba inaweza kunawiri baharini na mama akabaki mikono mitupu nchi kavu. Tangu siku ile kila mradi wangu huanza kwa siku mbili za maneno. Tunaorodhesha maneno tunayodhani tunayaelewa sote, kama mavuno, kipato, familia, hasara, na kila mtu anayaeleza kwa mfano wa kazi yake. Wapo wanaoona ni kupoteza muda. Nawaomba wavumilie.

Nikumbushe pia lile suala la maji ya kina. Mwanabiolojia alisema, kwa ushahidi wa kutosha, kwamba kotonii ingenusurika zaidi mahali penye maji mengi, kwa sababu kwenye maji machache ya ufukweni joto hupanda sana wakati wa Kaskazi. Kisayansi hilo ni sawa. Lakini kazi ya mwani hufanywa zaidi na wanawake, na wanawake wengi wa pwani zetu hawajui kuogelea, wala hawana vyombo. Hivyo suluhisho la biolojia liliposhuka pwani liligeuka kuwa suala la vyombo, la mafunzo ya kuogelea, la vazi la stara linalofaa majini, la nani atabaki na watoto, na la mume kuridhia. Ndipo wakaja watu wa ufundi na nyavu za mrija ambazo mwani hutiwa ndani yake, zisizopoteza matawi kwa mawimbi, na hata hizo zilihitaji boti. Hapo utaniambia tatizo hili ni la taaluma ipi?

Kuna jambo dogo ambalo nalitaja kwa sababu limeharibu kazi nyingi nzuri. Mikutano ya utafiti hupangwa kwa kalenda ya ukutani, na mwani hulimwa kwa mwezi. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo za upwa mkubwa mkulima wa mwani haitiki wito wa mtu yeyote. Nimeshuhudia warsha iliyoitwa "shirikishi" ikifanyika siku ya bamvua. Waliohudhuria ni wanaume na maofisa. Baadaye ikaandikwa kwamba wanawake hawana hamasa.

Waheshimiwa, naomba tuvuke kutoka mwani kwenda afya, kwa kuwa kisiwa hiki kimefanya jambo ambalo dunia inalisoma.

Kila mzee aliyekulia karibu na mito na mabonde ya mpunga anakijua kichocho. Zamani mtoto kukojoa damu lilikuwa jambo la kawaida. Mabwana na mabibi wa maabara waliujua mzunguko wake tangu zamani: minyoo, mkojo, maji baridi, konokono, ngozi ya mtoto anayeogelea. Maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi, iliyofunguliwa mwaka 2000, imekuwa nyumba ya kazi hiyo. Kuanzia mwaka 2012 uliendeshwa mradi mkubwa katika shehia 90, 45 za Unguja na 45 za Pemba. Shehia zote zilipata dawa ya prazikwanteli mara mbili kwa mwaka. Kundi moja la shehia lilibaki na dawa peke yake, la pili liliongezewa kazi ya kuwaua konokono, na la tatu liliongezewa kazi ya kubadilisha mwenendo.

Kundi hili la tatu ndilo ninalotaka tulitazame. Lingekuwa jambo jepesi kuchapisha mabango yanayosema "Usikojoe mtoni". Badala yake watafiti walikaa na walimu, wazazi na watoto wenyewe, wakauliza: mtoto huenda mtoni kufanya nini? Huenda kufua, huenda kucheza, na huko huko haja humshika. Basi katika mazungumzo hayo yakazaliwa mambo yaliyobuniwa kwa pamoja: mahali pa kukojolea karibu na maji, majukwaa ya kufulia ili mtu asiingie mtoni, michezo ya watoto mbali na maji, na walimu waliofundishwa kukifundisha kichocho kwa vitendo. Mtaalamu wa konokono hangeweza kubuni mchezo wa watoto, wala mwalimu wa skuli hangemtambua konokono anayebeba vijidudu. Walihitajiana.

Na matokeo? Kichocho kilishuka sana katika makundi yote matatu, ingawa mifuko ya maambukizi ilibakia. Tofauti baina ya makundi haikuwa kubwa kama wengi walivyotarajia. Nalisema hili kwa makusudi mbele yenu, akina mama na masheha, kwa sababu mkishirikishwa katika utafiti mna haki ya kuambiwa na yale yasiyopendeza. Kushirikiana hakuhakikishi kwamba wazo letu tunalolipenda litashinda. Anayeficha matokeo kwa ajili ya kulinda ushirikiano amewadharau wenzake.

Nitaipitia kwa haraka kazi ya mbung'o wa Unguja, kwa vile vijana wengi hawaijui. Mbung'o aliwaletea ng'ombe maradhi kwa miaka mingi. Wafugaji na maofisa wa mifugo walimpunguza kwanza kwa dawa ya kupaka ng'ombe na kwa mitego. Kisha wakaja wataalamu wa mionzi: madume yalifugwa Tanga, yakahasiwa kwa mionzi, yakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o. Fizikia ya atomu ilikutana na mchungaji wa Jozani, na ng'ombe wake akapona.

Kisa kingine ni cha hapa hapa, ng'ambo ya mkondo huu. Misali ilitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1998. Wavuvi wa vijiji vingi hupiga dago pale, yaani kambi ya uvuvi, na kila mmoja amesikia simulizi ya Nabii Khidhr aliyewaomba wavuvi msala wa kusalia, wakawa hawana, akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake. Wanabiolojia walikuja na neno bioanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe. Neno hilo halikufika dago. Mashekhe waliposhirikishwa, walizungumzia amana, na mizani iliyotajwa katika Surat Ar-Rahman, na binadamu kuwa khalifa wa ardhi. Mvuvi aliyekataa kusikia habari za matumbawe kutoka kwa mgeni alizisikia kutoka kwa mwalimu aliyemsomesha Juzuu Amma. Je, elimu ya dini si taaluma? Ina maandiko, ina mbinu za hoja, ina wanafunzi na walimu, na ina watu wanaoiamini. Nashangaa kwamba katika vikao vyetu vingi vya utafiti shekhe huitwa kufungua kwa dua, kisha huachwa akae kimya mpaka dua ya kufunga.

Elimu ya mabaharia nayo hivyo hivyo. Wazee wetu husema juu ya Kilimia, lile kundi la nyota: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wengi huisoma kama methali. Mimi naisoma kama dai, na tena dai lenye ujasiri, kwa sababu limesema pande zote mbili na hivyo linaweza kupimwa na likashindwa. Mtafiti wa hali ya hewa mwenye madaftari ya mvua, na nahodha anayejua siku Kilimia kinapozama, wana kazi ya kutosha ya kufanya pamoja. Lakini nahodha awe mtafiti mwenza, jina lake liwepo kwenye kazi kama akiridhia, na akiona tumekosea atusahihishe kabla hatujachapisha. Kumheshimu mzee ni pamoja na kulichukulia neno lake kwa uzito wa kulipima.

Niseme na nyinyi wakuu wa vyuo na taasisi mliomo ukumbini, kwa adabu na kwa uwazi. Mnawataka vijana hawa washirikiane, na mnawapandisha vyeo kwa makala ya jina moja katika jarida la taaluma moja. Kijana aliyekaa kijijini miezi sita akijenga uaminifu, mnamwandikia kwamba hajazalisha. Kusoma matokeo kwa Kiswahili barazani kuhesabiwe kuwa kazi ya kitaaluma. Bajeti ya kurudisha matokeo iwepo tangu mwanzo, kwa kuwa kila mara huwa ndiyo ya kwanza kukatwa. Na posho ya mkulima anayepima mwani wake kwa ajili yetu iwe na kiwango kinacholingana na jasho lake, iandikwe kwenye mkataba, isiwe fadhila ya mwisho wa siku.

Na nyinyi masheha, nina ombi. Mtafiti akija na barua ya kibali, mpokeeni, lakini muulizeni: swali hili limetungwa na nani, na utarudi lini? Muulizeni pia nani hayupo barazani. Kisiwa Panza na kwengineko, tulipojifunza kuufunga mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza akue, wazamiaji ndio waliosikika kwanza. Lakini wapo akina mama wanaotembea kwenye mwamba wakati wa maji kupwa, na mwamba uliofungwa kwa makubaliano ya diko ni mlango uliofungwa kwa mama ambaye hakuwepo dikoni. Kufunga ni jambo jema. Aulizwe na yeye.

Nimemaliza ya kusema, limebaki la kutenda. Kesho ni bamvua, na maji yatakupwa saa nne na nusu asubuhi. Akina mama wa mwani wa pwani ya Micheweni wameturuhusu tushuke nao, na gari zitaondoka hapa saa moja kamili. Naomba madodoso yabaki hotelini. Vaeni viatu vya kukanyagia mwamba, chukueni maji ya kunywa, na kila mmoja atapewa kamba moja ya kufunga chini ya usimamizi wa mwenyewe shamba. Jioni, baada ya sala ya alasiri, tutakaa barazani, na wao ndio watakaotangulia kuuliza.

Ahsanteni sana. Wabillahi tawfiq.